Niliita Yangu, Nikarudi Langoni

Vijana wangu wa timu ya Kerenge, katibu wenu alikuja kwangu Misima na daftari jipya, akaniambia mnataka niwaandikie namna ya kudaka, kwa kuwa mimi ndiye golikipa pekee mnayemfahamu aliyewahi kuvaa jezi ya taifa. Nikamwambia sawa, aniachie daftari. Nimekaa nalo siku nne bila kuandika kitu, maana nikianza habari za kudaka najua zitakapoishia. Ya kudaka mtayapata, lakini msiishie hapo.

Tuanze na vidole. Mkija kunisalimia mtaona kidole changu kidogo cha kushoto kimekwenda upande wake, na gumba la kulia halikunji. Hiyo ni kazi ya mipira ya ngozi ya zamani, ile iliyofungwa kamba mdomoni, ambayo ikinyeshewa ilikuwa nzito kama mtoto wa mbuzi. Glavu hatukuzijua. Basi usiupokee mpira kwa ncha za vidole. Fungua viganja, magumba mawili yakaribiane nyuma ya mpira, na ukishaugusa tu ulete kifuani uukumbatie. Mpira wa chini upigie goti moja kando ya mguu mwingine, usije ukapita katikati. Golikipa akipigwa tobo, watu huikumbuka hata siku ya harusi yake. Mimi nilikumbushwa siku ya harusi yangu.

Siku za mvua tulipaka viganjani vumbi la brashi. Brashi ni chumba kule kwenye shamba la mkonge ambako singa, zile nyuzi zilizokauka, zilisuguliwa mpaka zing'ae, na vumbi lake likigusa maji linashika kuliko sabuni ya mche inavyoteleza. Lilikuwa linawasha mpaka kwenye viwiko. Ulidaka huku unajikuna, na washabiki wa upande wa pili wakasema kipa ana upele.

Nilifika kwenye shamba hilo, upande wa Korogwe, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, kijana kutoka Misima mwenye kaptura mbili. Waliniweka kwenye korona, mashine ya kukamua majani ya mkonge. Shamba lilikuwa na timu yake, na kipa wao alikuwa amehama. Wakanichagua mimi kwa sababu mbili: nilikuwa mrefu, na nilikuwa sijui kupiga mpira.

Kuruka nilijifunza kwa picha. Fundi wa karakana alikuwa amebandika ndani ya kabati lake ukurasa wa gazeti la kigeni, na juu yake kulikuwa na golikipa wa taifa la Urugwai, huko Amerika ya Kusini, amelala hewani kama mtu aliye kitandani kwake, mpira uko kwenye vidole vyake. Nilimwomba fundi anifungulie kabati kila jioni. Niliitazama picha ile mpaka nikajua kifungo gani cha shati lake kimefunguka. Kisha nikawa naenda uwanjani kuruka vilevile, na kila nikianguka, naangukia kiwiko. Nilikaa miezi mingi nadhani kuumia kiwiko ni sehemu ya kazi.

Aliyeniokoa ni mwalimu wetu, Mzee Shemdoe, Msambaa wa Lutindi, fundi seremala wa shamba ambaye zamani alidakia timu ya misheni. Alikuwa mtu wa maneno machache, penseli sikioni hata akiwa uwanjani. Alinitazama nikiruka mara tatu, akaniuliza nani kanifundisha. Nikamweleza habari ya picha.

"Huyo mtu wa kwenye picha bado yuko hewani," akasema. "Wewe umeshaanguka."

Akanifundisha kutua: bega kwanza, kisha ubavu, kisha nyonga, mpira ukiwa mbele unatangulia kugusa ardhi. Tulifanyia mazoezi juu ya lundo la makapi ya mkonge mpaka nikawa natua bila kutoa sauti. Tangu hapo timu nzima ikaniita Urugwai. Jina hilo nililipenda mno, na ndilo lililonipa kichwa kikubwa.

Shemdoe alikuwa na sheria moja aliyoiweka juu ya zote. Krosi ikipigwa, golikipa ndiye anayeiona yote, kwa hiyo golikipa ndiye anayesema. Akiita "Ondoa," beki anapiga mpira popote uendako. Akiita "Yangu," kila mtu anauacha, hata kama unampitia puani, na kazi ya beki inakuwa kumkinga kipa asigongwe. Na kipa akishaita hana ruhusa ya kubadili nia. Afadhali uende ukose, alisema, kuliko kuita ukabaki, kwa sababu ukienda ukakosa umekosa peke yako.

Andikeni hiyo mahali. Nami niliijua kwa moyo.

Sasa watu huniuliza kwa nini nilidakia taifa mechi nne tu na nilikuwa bado kijana. Wengine husema ni fitina za Dar es Salaam. Hapana. Nilikwenda Dar nikadaka vizuri, niliruka kama yule wa kabatini na kutua kama alivyotaka Shemdoe. Lakini krosi ikija, nilikuwa siiti. Mdomo ulikuwa unafunguka, sauti haitoki. Mabeki wakawa wanagongana wao kwa wao mbele yangu. Mechi ya nne, kule Kampala, tulifungwa bao la namna hiyo, na kocha akaniuliza kwa upole kabisa kama nina ugonjwa wa koo. Nikasema ndiyo. Akanipumzisha, na kupumzika kwenyewe hakukuisha. Nitawaambia sauti ilikokwenda.

Namba tano wetu, beki wa kati, alikuwa Maganga. Huyu mnamfahamu. Ndiye yule mzee wa fimbo pale kijijini kwenu, aliyekuwa akikaa kwenye gogo nyuma ya goli la upande wa shule, na ninyi mkimwita Mzee Nilidhani. Alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na manamba, wale vibarua wa mkataba walioletwa kwa treni kukata mkonge. Mfupi, mpana, na hakuna aliyemzidi kwa kukata. Siku ya kwanza aliniuliza kabila, nikasema Mzigua. Akachukua kikombe changu cha chai, akanywa chote, akanirudishia.

"Mtani," akasema, "chai yako haina sukari."

Ninyi mmekua utani umepungua, kwa hiyo niwaeleze. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akachukua kuku wako akaenda zake, na ukikasirika mwenye makosa ni wewe. Ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kuigiza ulivyokuwa ukitembea na kutaja aibu zako zote, ili wafiwa wacheke kidogo katikati ya kilio. Lolote asemalo mtani siku ile ni mzaha, na haruhusiwi mtu kulichukulia kwa uzito.

Mimi na Maganga tuliutia utani mpaka kwenye mazoezi. Yeye aliniibia bukta, nikadaka nimejifunga shuka. Mimi nikamlipa kwa kuita. Krosi ikija naita "Yangu," yeye anauacha mpira kwa utiifu wake wote, na mimi nasimama tu nikiutazama unaingia. Timu nzima inaanguka kwa kicheko, naye ananifukuza uwanja mzima. Shemdoe alituita pembeni akatukataza. Alisema utani tuuache kwenye mstari wa chokaa pamoja na viatu vya nyumbani. Tukaitikia, na kesho yake nikarudia.

Walikuja watu kutoka Dar kuchagua wachezaji wa taifa. Tulicheza Korogwe na timu ya Tanga mjini, mechi ya kombe. Asubuhi Shemdoe alituambia kuwa kwenye karatasi yao kuna majina mawili ya shamba letu: la kwangu na la Maganga. Maganga aliosha njumu zake mara mbili siku ile. Kwao Tabora walikuwa hawajamwona miaka sita, naye alisema akivaa jezi ya taifa watamwona kwenye gazeti.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tuliongoza bao moja. Dakika zikiwa zimebaki chache, winga wao akapiga krosi kutoka kulia. Niliuona mpira unatoka mguuni mwake, nikajua ni wangu, nikaita kwa sauti iliyofika barabarani kwa wauza machungwa. Maganga alikuwa tayari anauendea. Akasimama pale pale, akageuka kunikinga, kama sheria inavyosema.

Nikapiga hatua mbili. Ya tatu haikuja. Mpira ulikuwa mzito, unashuka mapema kuliko nilivyopima, na sentafowadi wao alikuwa anakuja nao, magoti juu. Nikaogopa. Nimetafuta neno jingine miaka yote hii sijalipata. Nikarudi kwenye mstari wangu.

Maganga aliniona nikirudi. Hakuwa na muda wa kuuliza. Akautupa mguu kuuwahi mpira ambao mimi nilimwambia auache. Ukamgonga gotini ukaingia wavuni, na mguu wake ukabaki chini ya yule jamaa. Nilisikia ulivyovunjika nikiwa nimeshika mlingoti.

Shemdoe alifika mbio. Aliniuliza mimi kwanza, kabla hajainama kuutazama mguu.

"Uliita?"

"Niliita," nikasema.

Alisubiri kidogo kuona kama nina la kuongeza. Sikuongeza. Nilikuwa nimesema kweli, kila mtu uwanjani alisikia nikiita, na wale wa Dar walisikia pia. Mvua na msongamano viliwazuia kuona miguu yangu. Mechi ikaisha sare, na kwa kuwa kwao walishatufunga, sare ile ikatutoa.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nikakuta Shemdoe ametoka pale asubuhi, na Maganga ameshamweleza kwamba mimi, Mhina, niliita sawasawa, ila yeye alidhani ni utani kama wa mazoezini, ndiyo akauingilia mpira. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameshaanza kumtania kwa neno hilo, nilidhani, nilidhani. Alingoja wageni wengine waondoke, akanivuta mkono.

"Mtani, nimekubebea," akasema. "Mimi mguu umekwisha, na jina langu kwenye karatasi wamelifuta. Lako lipo. Nenda. Ukirudi utawaambia mwenyewe."

Nikamwambia nitawaambia. Wiki ile ile barua yangu ikaja.

Sasa mnajua sauti ilikokwenda. Kila nilipotaka kuita, niliisikia ile ya Korogwe ikinitangulia.

Niliporudi kutoka Dar, mashamba ya mkonge yalikuwa yameshataifishwa, mabwana wamebadilika, makapi ni yale yale. Maganga hakuweza tena kukata. Walimweka kwenye kuanika singa, kazi waliyofanya akina mama, naye aliyekuwa bingwa wa kukata akawa anazungukwa na vicheko. Jina la Nilidhani lilikuwa limemganda shamba zima. Lakini kilichomuumiza zaidi ni Shemdoe. Mzee yule aliweza kusamehe woga, aliweza kusamehe uvivu, ila hakumsamehe mtu aliyeleta utani kwenye mechi. Alikuwa anampita Maganga njiani bila salamu. Maganga alinisimulia hilo akicheka, na mimi nikacheka naye, Mungu anisamehe.

Nilipanda Lutindi mara moja, Shemdoe akiwa amestaafu, kwa nia ya kumwambia. Nilimkuta anapiga randa mlango. Nikamwamkia, akafurahi, akataka kujua nyasi za viwanja vya Dar zikoje. Nikamweleza habari za nyasi mpaka chai ikaisha, nikashuka mlima. Haukupita muda mrefu akafariki. Mtu mmoja aliyestahili kusikia akawa ameondoka, nami nikajiambia kuwa bado wapo wengine.

Ukaja wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi tukakusanywa Misima, na Maganga, ambaye alikuwa ameoa Mzigua wa huko kwenu, akapewa kiwanja Kerenge. Nilikuwa namtembelea na debe la mahindi, yeye ananitukana kwamba Wazigua tunaleta mahindi yenye wadudu kusudi wadudu ndio wawe kitoweo. Tulikuwa marafiki. Msije mkadhani tuligombana, hatukugombana hata siku moja.

Siku moja nilialikwa kwenye mkutano wa kijiji chenu kama mgeni, mtu wa taifa. Walikuwa wanatafuta mwalimu wa timu ya vijana. Maganga akanyoosha mkono, akasimama kwa fimbo, akasema yeye yuko tayari. Alikuwa amevaa shati lake la Idi. Na nawaambia, kwa kupanga mabeki hapakuwa na wa kumlinganisha naye wilaya nzima. Mtu mmoja nyuma akasema Nilidhani atawafundisha watoto kudhani. Wakacheka. Mwenyekiti akanigeukia.

"Ndugu Mhina, wewe ulicheza naye. Unasemaje?"

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Watu wote wa Kerenge wamekaa kimya wananisikiliza, naye amesimama ananitazama, na uso wake hauna mzaha. Nilitakiwa kusema maneno sita au saba tu.

"Tafuteni mwenye miguu mizima," nikasema.

Wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Maganga naye akacheka, kwa kuwa mtani akikutania lazima ucheke, akasema, "Mzigua huyu," akakaa chini. Kazi akapewa mwingine. Alinisindikiza mpaka njia panda, tukiongelea mvua. Pale njia panda akasimama.

"Mtani, bado hujarudi tu?"

Nikajifanya sikuelewa. Nikamwambia tutaonana Idi. Hakuniuliza tena kamwe, na miaka ikaenda, yeye kwenye lile gogo lake nyuma ya goli, mimi Misima na jezi yangu kwenye sanduku.

Mwaka jana alifariki, na wengi wenu mlikuwepo. Mliniona nimefika na kanzu yangu, na nyote mkanitazama, maana watani wengine wa rika letu walikuwa wameshakufa na kazi ile ilikuwa yangu. Nilitakiwa nichechemee kama yeye, niibe fimbo yake, niseme Mnyamwezi huyu ameacha deni la chai. Mwili ulipotolewa nje nikauzibia njia kama desturi inavyotaka. Watu wakaanza kutabasamu wakingoja.

Nikasema mpira wa Korogwe ulikuwa wangu. Nikasema niliita nikaogopa nikarudi langoni, na Maganga hakudhani kitu, aliniona kwa macho yake nikikimbia. Nikasema mguu ule niliuvunja mimi.

Mkacheka. Mnakumbuka mlivyocheka? Mama mmoja akapiga vigelegele. Mzee mmoja akasema Mzigua ameshindwa kumtukana marehemu mpaka anajitukana mwenyewe, hiyo haijawahi kuonekana. Nikaapa kwa jina la Mungu, mkazidi kucheka. Nikalia machozi, na kijana mmoja akasema mtani huyu anaigiza vizuri kuliko wa redioni. Kila nilivyosema kweli ndivyo mlivyojishika mbavu, na sikuwalaumu. Mimi ndiye niliyechagua kuisema siku ambayo hakuna anayeruhusiwa kuniamini. Wakanisogeza pembeni kwa upole, wakapita naye.

Jioni yake, watu wakiwa wamepungua, Kalunde binti yake alinifuata nilipokaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Lile la mpira, ulikuwa unatania?"

Nikamwambia hapana, ni kweli yote. Alikaa chini kwenye mkeka. Hakunigombeza. Ningetamani angenigombeza.

"Mbona hukulisema akiwa hai, naye akasikia?"

Nikafungua mdomo kumjibu, na jibu lililokuja lilikuwa moja tu.

"Nilidhani muda upo," nikasema.

Vijana wangu, daftari hili katibu atalirudisha kwenu. Jumamosi, kabla ya mazoezi, mmoja wenu alisome kwa sauti kwenye lile goli la upande wa shule, Kalunde akiwepo, na asicheke mtu. Yule mzee wa kwenye gogo aliitwa Maganga, alikuwa namba tano, na siku ile Korogwe alifanya kila alichotakiwa kufanya. Lile jina lingine ni langu. Mkinikuta njiani Misima niiteni hivyo, nitaitika.